Kila Januari mabinti wanapanda basi hapa Mafinga, nani anaandika wanakoshukia?

MamaChapati_Mafinga (mleta uzi)

Kamwene wakuu, na ndugu zangu wa Mbeya na Tukuyu ugonile. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo nimeamua liwalo na liwe. Mods naomba msiuunganishe na zile nyuzi za kulalamikia mabeki tatu (wadada wa kazi za ndani), hapa naongelea watoto wanaouzwa na sisi tunaangalia.

Mimi nauza chai na chapati stendi ya Mafinga, mwaka wa tisa sasa. Ukikaa stendi muda wote huo jicho linazoea, unamjua anayesafiri na unamjua anayesafirishwa. Anayesafiri kashika tiketi yake, anauliza siti iko wapi, anampigia mtu simu. Anayesafirishwa hajui hata basi linaitwaje, tiketi iko kwa mtu mwingine, nguo ziko kwenye salfeti, kavaa sweta la shule ya msingi na ndala, ukimuuliza unaenda wapi mwanangu anamwangalia kwanza yule mama aliyenaye ndo ajibu "Dar". Dar wapi? Hajui. Wanaanza kuonekana matokeo ya darasa la saba yakishatoka ila Januari ndo wanajaa, maana aliyepata wa kumnunulia yunifomu kaenda fomu wani, na aliyekosa anaonekana pale nyumbani anakula bure.

Sasa nieleze la kwangu. Nina binti wa marehemu kaka yangu, nitamwita Neema ingawa siyo jina lake. Kijiji ni huko ndani ng'ambo ya Igowole, kwenye chai. Januari 2021 alikuwa na miaka 13 na alikuwa amefaulu kabisa, kapangiwa sekondari ya kata, lakini wifi yangu, yaani mama yake, alikuwa anaumwa, na ada hata kama ilifutwa tangu 2016 bado kuna viatu, sketi, madaftari na mchango wa chakula. Akaja mwanamke mmoja wa ukoo wetu, kiukoo ni mama mdogo wa huyo mtoto, anaishi Dar, kapendeza, kaleta sukari kilo mbili na kitenge. Akasema kuna dada mmoja Tabata anatafuta binti wa kumshikia mtoto, atampa 30,000 kwa mwezi na mwaka ukiisha anampeleka kusomea cherehani. Wifi akakubali. Na mimi nilikuwepo wakuu, sitawaficha, nilimfungia chapati nne na mayai ya kuchemsha nikampandisha gari mwenyewe hapa hapa stendi.

Wifi aliandika namba yake ya simu kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la sabuni akakishonea ndani ya pindo la gauni la mtoto ili isipotee. Alipofika kule, siku ya kwanza tu, bosi akasema nguo zote za kijijini zinanuka moshi ziloekwe, gauni likafuliwa na boksi likageuka uji. Neema alikuwa ameikariri ile namba mpaka tarakimu ya sita. Miaka miwili na miezi mitano mtoto anaishi na tarakimu sita za mama yake.

Naendelea chini, kuna wateja.

Dereva_IT_Tunduma

Mkuu endelea, hii barabara ya Tanzam naijua, napeleka magari ya IT (yale ya bandarini yanayopita kwenda nchi jirani) mpaka Nakonde, Zambia, karibu kila wiki. Sisi madereva tunaombwa lifti sana, unakuta mtu Makambako ana mabinti wawili watatu anataka uwabebe mpaka Chalinze, anakulipa vizuri kuliko abiria wa kawaida. Zamani nilikuwa nabeba sikuwa najiuliza. Siku hizi namuuliza huyu mtoto mama yake namba ngapi nimpigie sasa hivi, akianza kujiumauma naondoka.

Wengine wanachanganya hili na wale Wahabeshi wanaokamatwa huku Mbeya na Songwe wamejazwa kwenye malori wakielekea Sauzi. Wale wengi wamelipa wavushwe mipaka, hayo ni magendo ya wahamiaji, ila njiani wengi wanageuzwa mali, wanafungiwa ndani ndugu zao watume hela. Mwaka 2012 Dodoma walikutwa zaidi ya 40 wamekufa kwa kukosa hewa kwenye lori. Aliyewajaza mle hakuwa mtu wa kubahatisha, ni mtu anayejua bei ya kila kichwa.

MamaChapati_Mafinga

Asante kaka dereva. Naendelea.

Neema anasema alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, analala saa sita usiku. Kazi aliyoambiwa ni kumshika mtoto mmoja, alipofika akakuta watoto wawili, mama mkwe wa bosi aliyepooza anayetakiwa kugeuzwa na kufuliwa mashuka, na friji la barafu na ubuyu za kuuza dirishani. Alilala jikoni kwenye kanga mbili. Geti linafungwa na funguo anaondoka nayo bosi. Mshahara hakuwahi kuushika hata siku moja, alipouliza akaambiwa nauli na nguo tulizokununulia hujamaliza kulipa. Kumbe bosi alikuwa anatuma 30,000 kila mwezi kwa yule mama mdogo, na mama mdogo alikuwa anampigia wifi kila baada ya miezi mitatu minne anasema mtoto mzima, kanenepa, hataki hata kurudi. Kwahiyo bosi anajiona analipa, mama anajiona ana mtoto mjini, aliyekuwa anakula ni mmoja katikati.

Aliyemwokoa ni mama wa genge. Neema alikuwa anatumwa nyanya na vitunguu asubuhi, dakika kumi tu. Yule mama akaona mtoto anapokea chenji kwa mkono wa kushoto siku ya tatu mfululizo, akamwambia wee mtoto una adabu siku zote leo vipi, lete huo wa kulia. Ulikuwa umeungua na pasi kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo, na umefunikwa na sweta, lile lile la shule, kwenye joto la Dar. Hakupiga kelele wala hakwenda kugombana na bosi, alimuita mjumbe, mjumbe akaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakapiga 116 ile simu ya mtoto ambayo haikati hela, na kesho yake wakaja watu wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi pamoja na afisa ustawi. Mama wa genge mungu akuweke, sijui kama unasoma huku.

Kumrudisha nako kulikuwa kazi. Mtoto anajua kijiji kwa jina lakini ukimuuliza wilaya anasema Iringa. Anasema "tunashuka kwenye mashine ya kusaga halafu tunapita chai". Wakakaa naye nyumba salama wiki saba wanatafuta. Kilichosaidia ni shule, mtoto alikuwa anakumbuka namba yake ya mtihani wa darasa la saba, wakaifuata mpaka kwa mwalimu mkuu, mwalimu akatembea kwa mguu mpaka kwa wifi. Namba ya mtihani aliikumbuka yote.

KingaDuka_Makete

Poleni sana mama, imeniuma. Ila naomba tuseme na upande wa pili, msiniparure. Sisi Wakinga tumetoka hivi hivi. Mimi nilitolewa Bulongwa nina miaka 15 nikapelekwa dukani kwa baba mdogo, miaka minne nafagia, napanga mzigo, nalala stoo, simu sina. Mwaka wa tano akanipa mtaji na fremu, leo nina vijana wawili nawalea vile vile. Tukianza kusema kila mtoto anayekwenda mjini kwa ndugu ni utumwa tutawafungia watoto wetu milango, kule milimani viazi na pareto havitoshi kuwatoa wote.

MamaChapati_Mafinga

Kaka yangu sikuparuri, umeuliza swali la maana na nimelifikiria sana usiku. Hebu nikuulize na mimi. Baba yako alikuwa anajua duka liko wapi? Sikukuu ulirudi nyumbani? Ungesema sitaki tena narudi Bulongwa, baba mdogo angefunga geti? Na ule mtaji aliokuahidi, si alikupa kweli mkononi mwako? Huo ni utaratibu wenu na nauheshimu. Lakini chukua kijana yule yule, muweke dukani miaka minne, siku ya mtaji mwambie umeniibia toka hapa, na hana hata namba ya mtu wa kumpigia. Wapo na unawajua.

KingaDuka_Makete

Wapo. Sitabisha. Mmoja alikuwa jirani yangu wa fremu, kijana alifukuzwa mwezi wa kumi na moja akiwa anasubiri mtaji Januari. Nilinyamaza maana tajiri ni mkubwa wangu kiumri. Na kwa mabinti nakubali ni mbaya zaidi, huyo haahidiwi hata fremu.

UstawiNyanda

Habari wanajukwaa. Nafanya kazi za ustawi wa jamii mojawapo ya halmashauri za huku, siitaji. Nitaeleza kidogo upande wa sheria maana naona watu wanaamini biashara ya binadamu ni mpaka mtu aibiwe usiku avushwe boda.

Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, namba 6 ya mwaka 2008. Inaangalia mambo matatu: umemfanya nini huyo mtu (umemtafuta, umemsafirisha, umempokea, umemhifadhi), umempataje (umemdanganya, umemtisha, umetumia shida yake), na ulikuwa unamtakia nini, yaani kumnyonya. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 hilo la katikati halihitajiki kabisa. Hata mtoto akikubali, hata mzazi akikubali, siyo utetezi mahakamani. Kwahiyo wale mnaosema "lakini mama yake alimtoa mwenyewe" hiyo haimsaidii dalali. Na mpaka haihusiki, Mufindi mpaka Tabata inatosha. Akisafirishwa mtoto adhabu inakuwa nzito zaidi.

Pili, mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kazi yoyote, Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi. Aliyefikisha 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomuumiza wala kumtoa shule. Na mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, amri ya mishahara ya 2022 iliyoanza Januari 2023 iliweka 60,000 kuwa ndo ya chini kabisa kwa wakati huo. Hiyo 30,000 ilikuwa kosa hata kama angeipata.

Sasa kwanini huku kwetu. Watu wanasema Wahehe na Wabena ni wapole, wachapakazi, ndo maana wanatafutwa. Mimi hilo neno "wapole" linanikera, maana madalali wanalitumia kama tangazo la bidhaa. Ninachokiona kwenye mafaili ni watoto wanaolelewa na bibi. Ukimwi umetukata, utafiti wa 2022-2023 maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe yalikuwa asilimia 12.7 na Iringa 11.1 wakati taifa ilikuwa 4.4. Miaka ya nyuma dawa zilipokuwa hazipatikani wazazi waliondoka, bibi kabaki na wajukuu watano na shamba nusu eka. Akija mtu na sukari kilo mbili anaonekana mkombozi.

MamaJunior_Dar

Mimi ni mwajiri, niko Dar, asili yangu Ilula. Nimeusoma uzi wote nikazima simu nikakaa. Nina binti nyumbani nimeletewa na dada mmoja nilimpa 50,000 ya udalali na nauli. Nilimuuliza umri nikaambiwa 17, sikuuliza zaidi kwa sababu nilikuwa narudi kazini kutoka likizo ya uzazi nikahitaji mtu haraka. Hela yake natuma kwa huyo dada, aliniambia ndo utaratibu wao. Leo jioni nimemuita binti nikamwambia nipe namba ya mama yako tumpigie. Akasema hana. Huu ni mwezi wake wa nane kwangu na sikuwahi kujua hana. Nifanye nini, nimpeleke polisi nitakamatwa?

UstawiNyanda

Dada umefanya vizuri kuuliza. Kesho nenda naye serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa kata au manispaa yako, usimpakie tu kwenye basi arudi, huko njiani ndo anapotelea mikononi mwa dalali mwingine. Andika tangu amefika mwezi gani, hela ulizotuma, zilikwenda namba gani, meseji za huyo dada usifute hata moja, huo ndo ushahidi unaokosekana kesi nyingi. Wataangalia umri wake na watatafuta nyumbani kwao. Na mishahara yake ya miezi nane ni yake, anza kujipanga.

Konda_Kitonga

Mimi konda wa basi, niongezee hapo kwenye kurudisha. Wanaotoroka huko Dar tunawabeba. Anakuja Mbezi Luis hana nauli, anasema naenda Mbeya, mguu peku. Tunamkalisha karibu na dereva, tukipanda Kitonga ile baridi ya kwanza ikiingia dirishani wengine wanaanza kulia, wameitambua. Tukifika kwao hakuna mtu anampokea, hakumpigia mtu. Mara mbili nimemkuta binti niliyemshusha Makambako asubuhi, jioni nikigeuza bado yuko stendi kakaa, anaogopa kwenda nyumbani mikono mitupu. Na hao madalali wanakaa stendi hizo hizo wanamuona.

MamaChapati_Mafinga

Konda umegusa kidonda, maana hapo ndo sisi wenyewe tulipokosea.

Neema aliporudi, Juni 2023 baridi ile ya kung'ata, watu walikuja kumsalimia na swali la kwanza lilikuwa umetuletea nini. Bibi mmoja akasema mbona hata kunenepa hujanenepa. Mtoto akaingia jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwambia aoshe. Wiki tatu za mwanzo alikuwa anaamka saa kumi anafagia uwanja gizani. Alikuwa anaomba ruhusa ya kunywa maji, "shangazi naomba ninywe maji", nyumbani kwangu, mtungi uko pale. Nilipomwekea sahani ya ugali na mboga alisubiri mpaka tumalize wote ndo akala, amechuchumaa mlangoni. Kiti kipo. Nikamwambia kaa, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa.

Mimi nilimsema. Nilimwambia acha mambo ya ajabu uko kwenu. Mpaka yule afisa ustawi aliyekuja kumfuatilia akaniita pembeni akasema mama huyu mtoto amefundishwa hivi kwa kipigo miaka miwili, hawezi kufundishwa vingine kwa kufokewa, mwache anywe maji hata akiomba, mjibu tu "kunywa mwanangu" kila mara. Nikawa namjibu hivyo. Iliisha yenyewe baada ya kama miezi mitano hivi, siku moja akapita akachota akanywa, nikageuka ukutani asinione machozi.

Na kesi sasa. Fomu ya PF3 ile ya polisi ya matibabu ilijazwa Dar, mkono ukatibiwa, faili lilifunguliwa. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema mama mdogo ni damu yetu, mambo haya yaishe kinyumbani, akaleta 200,000 na mbuzi. Wifi akapokea, alikuwa anadaiwa dukani. Shahidi akawa haendi tena, kesi ikalala. Yule mama mdogo Desemba iliyofuata nilimuona hapa stendi ana mabinti wengine wawili. Nilimfuata mpaka mlangoni mwa basi nikapiga kelele mpaka askari wa stendi akaja, mabinti wakashushwa, mmoja alikuwa na miaka 12. Ukoo hawaniiti kwenye vikao mpaka leo na sijali.

UstawiNyanda

Hilo la kuyamaliza kinyumbani ndo linatuua. Hii ni jinai, baba mkubwa hana mamlaka ya kuifuta. Mbuzi analiwa siku moja.

NilirudiSalama_Rungwe

Mimi nilitoka Tukuyu nikaenda Oman 2016, nilikuwa mtu mzima wa miaka 24 na nilijiona mjanja. Uwanja wa ndege tu pasi ikachukuliwa, simu ikachukuliwa, nikaambiwa bosi amelipa wakala hela nyingi kwahiyo huondoki mpaka miaka miwili iishe. Kule kibali chako kimefungwa kwa mwajiri, ukitoroka wewe ndo unakuwa mkosaji. Siandiki yote. Ninachotaka kusema kwa wanaokwenda, nenda TaESA, ile ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama huyo wakala ana leseni, mkataba uusome kwa lugha unayoielewa, piga picha pasi yako na mkataba uache nyumbani kwa mtu anayejua kusoma. Na mkirudi msikubali watu wawaite waliofeli maisha. Kilichonisaidia mimi haikuwa hela, ni mwanamke mmoja kanisani aliyekuwa anakuja kukaa na mimi tunamenya viazi bila kuniuliza kitu. Alikuja miezi. Siku nilipoanza kusema mwenyewe alikuwa amezoeleka.

Dereva_IT_Tunduma

Mleta uzi, sasa mnafanya nini hapo Mafinga? Na Neema yukoje?

MamaChapati_Mafinga

Neema shule ya kawaida alikataa, aliona aibu kukaa na watoto wadogo, ingawa tangu ule waraka wa 2021 milango ya kurudi ipo. Tukampeleka masomo ya njia mbadala yale ya Elimu ya Watu Wazima, anasoma na wenzie wenye umri wake wengine wana watoto mgongoni. Mchana yuko kwa fundi cherehani. Ndiyo, cherehani ile ile aliyodanganyiwa, aliichagua mwenyewe, mimi nilitaka apike.

Kijijini kwao tulimfuata mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji tukawaomba wafungue daftari. Kijana yeyote wa chini ya miaka 18 akitoka anaandikwa jina, nani kamchukua, namba ya kitambulisho cha huyo mtu, namba ya simu ya anakokwenda, na mtendaji anaipiga pale pale kabla hawajaondoka. Wa chini ya 14 hatoki kwenda kazi. Mwanzoni walisema ni usumbufu, ila Januari hii madalali wawili waliposikia kuna daftari waligeuza wenyewe. Wengine wataenda vijiji vya jirani najua, ndo maana nimeandika huku, daftari la shilingi elfu mbili mtendaji yeyote analiweza.

Jumapili nilikwenda kule kumsalimia wifi. Nikamkuta Neema kawapanga wadogo zake watatu kwenye gogo wanakoboa mahindi, anawakaririsha namba ya mama. Anasema tarakimu moja wanaitikia, wa mwisho ana miaka mitano anakosea ya saba, anamrudisha mwanzo. Walirudia mpaka kikapu kikajaa, na yule mdogo akaimaliza zote kumi.

@MamaJunior_Dar binti yako akitambuliwa kwao ni huku Iringa au Njombe na hana wa kumpokea stendi niandikie inboksi, nitamsubiri mimi. Nafungua saa kumi na moja.